Sura ya Tano: Kwa Nini Embu na Meru Zikakaa Hapo Zilipo?

Aghalabu swali la kwanza aulizalo mgeni anayefika Embu, awe ametoka pwani au Nairobi, ni hili: ilikuwaje mji wa kadiri hii, unaoweza kutembelewa kwa miguu kabla jua halijawa kali, ukawa kwa nusu karne makao makuu ya mkoa ulioanzia nchi ya Wakamba kusini ukafika Moyale, penye mpaka wa Ethiopia? Na akisonga mbele hadi Meru huuliza swali la pili, ndugu wa lile la kwanza: mbona mji huu umepandishwa mlimani, ukabanwa na msitu upande mmoja na bonde la mto Kathita upande mwingine, ilhali nchi tambarare iko chini na nafasi ni tele?

Maswali haya mawili yana jibu moja. Ofisi zilikuja zikaondoka, cheo kikatolewa kikavuliwa, lakini miji yenyewe iliwekwa na mlima, na mlima ndio unaoilisha hata leo. Naye asiyeujua mlima hataielewa miji iliyo miguuni pake, hata akisoma majalada yote ya serikali. Kwa sababu hiyo hatutaanzia Embu wala Meru. Tutaanzia baharini.

Upepo utokao baharini

Mlima Kenya una vilele vingi. Batian, chenye mita 5,199, na Nelion, chenye mita 5,188, ni vya wapandaji wenye kamba na mazoea ya majabali. Lenana, chenye mita 4,985, ndicho kinachofikiwa na watu wengi. Lakini mkulima wa Runyenjes au wa Nkubu hana haja kubwa na vilele. Kilicho na thamani kwake ni ukubwa wa kiwiliwili cha mlima, na upande ambao shamba lake limeelekea.

Pepo zitokazo Bahari ya Hindi, ambazo ni jamaa ya zile zilizojaza matanga ya majahazi kwa karne nyingi, huingia bara zikiwa zimechukua mvuke. Zikiufikia mlima hazina budi kupanda. Hewa ipandayo hupoa. Na kwa kuwa hewa ya baridi haiwezi kuchukua mvuke mwingi kama hewa ya joto, mzigo ule huangushwa ukawa mvua. Upande wa kusini-mashariki na mashariki, wanakokaa Waembu, Wachuka, Wamwimbi na Waimenti, ndio ulioikabili bahari, na kwa hiyo hupata fungu lililo kubwa. Upande wa Nanyuki hupata mabaki. Nchi ya namna hiyo, iliyozibwa na mlima hata mvua isiifikie sawasawa, wataalamu huiita kivuli cha mvua.

Mvua hupimwa kwa milimita. Tukisema mahali fulani hupata milimita 1,000 kwa mwaka, maana yake ni kwamba maji yote ya mwaka mzima, kama yasingetiririka wala kunyonywa na ardhi wala kukauka, yangesimama kwa kina cha mita moja. Basi karibu na msitu, juu ya Embu, mvua huweza kufika milimita 2,000. Mjini Embu ni kama 1,200. Na ukiteremka hadi Kiambere, karibu na mto Tana, ni 700 au pungufu ya hapo. Mtu akiondoka kwenye ukingo wa msitu alfajiri kwa gari, kabla ya adhuhuri atakuwa amepita katika nchi tatu zenye hali ya hewa tatu, na bado hajatoka katika kaunti moja.

Hapa nataka kuondoa dhana moja iliyoenea. Watu wengi huamini kwamba mito ya Embu na Meru hutokana na barafu ya kileleni, na kwamba barafu ikiisha mito nayo itakauka. Barafu yenyewe kweli inaisha. Mmishonari Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa na makao Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima huu kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849, na baadhi ya wasomi wa Ulaya wakakataa kata kata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Halford Mackinder, aliyefika juu ya Batian tarehe 13 Septemba 1899 akiongozwa na César Ollier na Joseph Brocherel, mabingwa wawili wa milima ya Alps, aliikuta mito ya barafu imejaa mabonde ya juu. Ilihesabiwa 18, leo iliyosalia haifiki 10, nayo ni vipande vilivyokonda. Huu ni msiba wa haki. Hata hivyo sehemu kubwa mno ya maji ya mito haitoki katika barafu, hutoka katika msitu, ambao hupokea mvua na ukungu, huyahifadhi maji katika udongo wake mweusi wenye majani yaliyooza, kisha huyatoa kidogo kidogo mwaka mzima. Barafu ikiondoka tutapoteza uzuri na ushahidi. Msitu ukiondoka tutapoteza mito.

Ngazi za mlima

Mvua ikipungua hatua kwa hatua kutoka juu kwenda chini, mazao nayo hubadilika hatua kwa hatua, na watu wa nchi hii waliyajua hayo zamani, kabla hajatokea bwana shamba wa kuwafundisha. Ngazi hizo, kwa kukadiria, ni hizi:

- Msitu wa mikulo, mierezi na mianzi, pamoja na mti wa muuru, ambao mbao zake zimejenga nyumba na samani za Meru.
- Ukanda wa chai, viazi, kabichi na ng'ombe wa maziwa, chini tu ya msitu.
- Ukanda wa kahawa, ndizi, mahindi na makadamia, ambamo miji ya Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu na Meru imo au inapakana nao.
- Ukanda wa mahindi, maharagwe, pamba na muguka.
- Nchi ya chini ya Mbeere na Tharaka, yenye mtama, mawele, kunde, ndengu, mbuzi na mizinga ya nyuki.

Jambo la kutazama katika orodha hii ni kwamba hakuna ngazi inayojitosheleza. Mtu wa juu ana viazi na mboga lakini hana mbuzi wa kutosha kwa mahari. Mtu wa chini ana mbuzi na asali, lakini mwaka wa kiangazi ghala lake huwa tupu wakati migomba ya juu ingali imebeba. Maadamu kila mmoja ana haja na mwenziwe, lazima wakutane, na mahali pa kukutana hapawi msituni wala hapawi ukingoni mwa Tana. Huwa katikati. Hapo katikati ndipo palipokuwa na magulio tangu kale, na akina mama wenye vikapu migongoni ndio waliokuwa na biashara hiyo mikononi mwao.

Mpaka leo, ukiingia soko la Gakoromone mjini Meru siku ya soko, waweza kuisoma ngazi nzima ya mlima kwa macho: viazi vya Kibirichia katika magunia yaliyopandishwa kichwa, mikungu ya ndizi za Imenti, na pembeni magunia ya ndengu na mtama yaliyopanda kutoka Tharaka.

Watu walivyofika

Waembu husimulia kwamba asili yao ni mtu aitwaye Mwenendega na mkewe Nthara, na kichaka kitakatifu cha Mwenendega kiko karibu na Runyenjes. Wameru wana kisa kirefu zaidi, ambacho chapasa kumgusa kila msomaji wa pwani. Wazee wao husema kwamba walitoka Mbwaa, nchi iliyokuwa baharini. Kwamba huko walitiwa utumwani na watu wavaao nguo nyekundu. Kwamba walipewa kazi zisizowezekana ili wapate sababu ya kuuawa. Na kwamba kiongozi wao aliwatorosha usiku wakavuka maji, wakafuata njia ya bara mpaka wakaufikia mlima. Baadhi ya watafiti wameielekeza Mbwaa kwenye kisiwa cha Manda, jirani ya Lamu. Sina haja ya kushika upande katika hilo. Ninaloliona kuwa adhimu ni kwamba taifa lililo mbali na bahari kwa mamia ya kilomita limeiweka bahari katika mwanzo wa habari zake.

Nao walipokaa mlimani walijipa utawala. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, lilikuwa likihukumu kesi za ardhi, mifugo na damu kabla ya Mwingereza kufika, na lingali likifanya kazi hata leo. Makao yake yako Nchiru, nje ya mji, kwenye barabara iendayo Maua. Tafadhali msomaji alitie jambo hilo akilini: mji wa Meru ulikuwa na ofisi ya mkuu wa wilaya, lakini nchi ya Meru ilikuwa na Nchiru, na mambo mengi mazito yaliamuliwa huko kwanza.

Maboma mawili

Mwaka 1906 serikali ya Kiingereza ilipeleka jeshi Embu. Waembu walikuwa wamekataa kutawaliwa. Walipigana kwa mikuki na pinde, wakashindwa na bunduki. Watu kwa mamia waliuawa, mifugo yao ikatekwa kwa maelfu, na vita vilipokwisha pakajengwa boma, yaani kituo cha utawala chenye ofisi, kambi ya askari na jela. Hivyo ndivyo mji wa Embu ulivyozaliwa, na si vema kuusimulia mwanzo huo kana kwamba ulikuwa uzinduzi wenye tarumbeta.

Meru ilifuata mwaka 1908. Afisa E. B. Horne, ambaye wenyeji walimwita Kangangi, aliweka boma lake ukingoni mwa msitu wa Imenti. Nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1916 iwe ofisi ya mkuu wa wilaya ingali imesimama, nayo tangu mwaka 1974 ni Makumbusho ya Meru, ambamo watoto wa shule huonyeshwa vyombo vya babu zao katika chumba ambamo babu zao waliitwa kulipa kodi.

Kwa nini mahali hapo? Embu iko yapata mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na Meru mita 1,500 na ushei. Juu zaidi palikuwa na baridi na miti mikubwa isiyofyekeka. Chini zaidi palikuwa na malaria na mbung'o. Katikati palikuwa na maji yatiririkayo, hewa nzuri, watu wengi wa kutoza kodi na magulio yaliyokwisha kuwapo. Mwingereza alidhani amechagua mahali pake mwenyewe. Kwa kweli alikuja akaketi pale pale ambapo mlima ulikuwa umewakutanisha watu kwa vizazi.

Nyuma ya askari na wapagazi wakaja wenye maduka, Wahindi kwa Waswahili, na Waislamu waliosema Kiswahili wakajenga mitaa ya Majengo, Embu na Meru, yenye misikiti na vyuo vya Kurani. Kiswahili cha miji hii kilianzia hapo, na katika foleni ya kodi, na sokoni, kabla hakijaingia darasani. Wamishonari nao walipata sehemu yao: Wamethodisti walikaa Kaaga, nje kidogo ya Meru, mwaka 1912, na mwaka 1922 daktari Archibald Irvine wa misheni ya Kiskoti alianza kazi Chogoria, ambako hospitali yake ingali ikiwahudumia watu.

Kwa ufupi: mvua ilizigawa nchi katika ngazi, ngazi zikaleta magulio, magulio yakaleta boma, na boma likaleta mji.

Reli iliyopita upande wa pili

Reli ilifika Thika mwaka 1913 na ikaendelea mpaka Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikiuzunguka mlima kwa upande wa magharibi, kwenye mashamba ya walowezi. Upande wa mashariki haikuja kamwe. Sababu ilikuwa ya siasa, lakini hata fundi asiye na siasa angesita, kwa kuwa upande huu mito imelikata kila tuta. Mtu aendaye Embu hadi Meru kwa barabara ya mashariki huvuka Thuci, Nithi, Mutonga, Thingithu na Kathita, mbali na vijito vyao, na kila mto una bonde lake la kuteremkwa na kupandwa. Barabara ya lami ilikamilika katika miaka ya 1980. Kabla yake, siku za mvua, watu walipendelea kuuzunguka mlima mzima kwa njia ya Nanyuki kuliko kujaribu matope ya Chuka. Daraja la Nithi, lenye mteremko mkali na kona, limekwisha kuchukua roho nyingi, zikiwamo zaidi ya 30 katika ajali ya basi ya Julai 2022. Kwa maoni yangu ni aibu kwamba mahali panapojulikana kwa msiba kwa miaka mingi kiasi hicho paliachwa hivyo hivyo.

Fedha ya mji

Mji wa mlimani haujilishi kwa ofisi peke yake. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni, iliyokuwa imewazuia Waafrika kupanda kahawa kwa madai kwamba wangeeneza magonjwa ya mimea na wizi, iliruhusu jaribio dogo, lenye masharti mengi, katika sehemu tatu tu: Kisii, Embu na Meru. Walowezi waliogopa mashindano, na waliogopa kukosa vibarua, kwa maana mtu mwenye mibuni yake hana haja ya kwenda kupalilia ya mwingine. Jaribio lilifaulu. Baada ya mpango wa kilimo wa mwaka 1954, uliotungwa katikati ya Hali ya Hatari, yaani miaka ya vita kati ya serikali ya kikoloni na wapiganaji wa msituni, mibuni ilienea kwa kasi, hata kila tuta likawa na kiwanda chake cha ushirika, mahali ambapo wakulima hupeleka matunda mekundu yakakobolewa, yakaoshwa na kuanikwa mezani.

Hali ya Hatari yenyewe haikuupita mlima huu. Wapiganaji wa msituni upande wa Mlima Kenya waliongozwa kwanza na Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China. Na Musa Mwariama wa Meru alikaa msituni mpaka uhuru ulipopatikana mwaka 1963. Wanavijiji walikusanywa katika vijiji vya kulindwa, wakalazimishwa kuchimba handaki la maili zipatazo 50 kando ya msitu, lililochomekwa miti iliyochongwa, ili wana wao walio ndani wasipate chakula. Wengi waliochimba handaki hilo ndio waliokuja kupanda chai kando yake.

Kahawa ilipanda na kushuka, na mji ulipanda na kushuka pamoja nayo. Mwezi wa Julai 1975 jalidi iliua mibuni ya Brazili. Bei ya dunia ikaruka, na kati ya mwaka 1976 na 1977 Embu na Meru zikaona fedha ambazo hazijapata kuonekana: nyumba za mabati badala ya nyasi, karo zilizolipwa kwa mkupuo, magari ya abiria yaliyonunuliwa na watu waliokuwa wakitembea kwa miguu. Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa yaliyodhibiti biashara ya kahawa yalivunjika, bei zikaporomoka, na wakulima, waliokwisha kuchoshwa na makato ya vyama vyao na malipo yaliyochelewa, wakaanza kuing'oa mibuni au kupanda mahindi katikati yake. Mkulima wa Kibugu aliyainua majengo ya mji kwa jalidi iliyoanguka ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, kisha akayashusha kwa mkutano ulioshindikana katika mji asioujua. Haki ya bei ni jambo ambalo hata sasa hajalipata.

Chai imekuwa na utulivu zaidi. Mchumaji hupeleka majani kituoni, hupata malipo madogo kila mwezi, na baada ya mwaka wa hesabu kwisha, aghalabu mwezi wa Oktoba, hupata salio liitwalo bonasi. Mwenye duka la mabati, mwalimu mkuu anayedai karo, fundi cherehani na tapeli, wote hungoja bonasi. Ukitaka kuujua uchumi wa Nkubu au wa Manyatta, usiende Januari. Nenda wiki ya bonasi.

Halafu kuna miraa ya Igembe na Tigania, ambayo ni mali ya vilima vya Nyambene zaidi kuliko mali ya mlima wenyewe. Miraa ni majani na vikonyo vinavyotafunwa kwa uchangamfu; huchakaa upesi, ndiyo sababu magari yanayoibeba kutoka Maua huenda mbio za kutisha. Uholanzi iliipiga marufuku mwaka 2013, na Uingereza mwezi Juni 2014, na siku hizo Maua ilikuwa na huzuni ya mji uliofiwa. Jamaa yake, muguka wa Mbeere, hutafunwa sana pwani. Mwezi Mei 2024 kaunti ya Mombasa iliuzuia usiingie, ikisema unawaharibu vijana. Wakulima wakaenda mahakamani Embu, na mahakama ikasitisha marufuku hayo. Mzazi wa Mombasa anayeona mwanawe akikesha na kukonda ana haki ya kulalamika. Mkulima wa Mbeere, ambaye ardhi yake kavu haikubali kahawa wala chai, ana haki ya kuuliza apande nini badala yake. Kelele za mwaka ule zilikuwa nyingi, lakini swali la huyu wa pili halikujibiwa.

Mkoa mkubwa, mji mdogo

Sasa tulirudie swali la kwanza. Chini ya ukoloni Embu na Meru zilikuwa katika Mkoa wa Kati pamoja na Wakikuyu. Uhuru ulipokaribia, tume ya mipaka ilisikiliza maoni ya watu mwaka 1962, na mwaka 1963 Embu na Meru zikatengwa na Mkoa wa Kati, zikaunganishwa na Machakos, Kitui, Isiolo na Marsabit kuwa jimbo jipya, ambalo baadaye lilijulikana kuwa Mkoa wa Mashariki. Sehemu za Ndia na Gichugu, zilizokuwa chini ya wilaya ya Embu, zilibaki Mkoa wa Kati na kuwa wilaya ya Kirinyaga. Embu, ambayo kwenye ramani ilikuwa kati ya nchi ya Wakamba na nchi ya kaskazini, ikapewa makao makuu.

Ukubwa wa mkoa huo ulikaribia robo ya Kenya nzima, na sensa ya mwaka 2009 ilihesabu ndani yake watu 5,668,123. Kutoka Embu mpaka Moyale ni zaidi ya kilomita 600, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya njia ilikuwa changarawe na vumbi, kwa kuwa lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale haikukamilika ila katika miaka ya 2010. Fikiri mwalimu wa Marsabit mwenye barua iliyopotea katika jalada la mkoa.

Linganisha na Ufaransa. Mwaka 1790 wanamapinduzi wa huko waliikata nchi yao katika sehemu 83, wakataka kila makao makuu yawe mahali ambapo raia aweza kufika kwa farasi kwa siku moja. Grenoble, mji uliozungukwa na milima ya Alps, ukawa makao makuu ya sehemu iitwayo Isère, na ungali hivyo baada ya karne mbili na zaidi. Kipimo chao kilikuwa mguu wa raia. Kipimo cha mkoa wetu kilikuwa urahisi wa mtawala, ambaye alikuwa na simu na gari la serikali na hakuwa na haja ya kuuliza raia atafikaje.

Nasema haya bila ya kuidunisha Embu, ambayo ilifaidika na cheo chake na kukitumia vizuri. Shule ya Kangaru na chuo cha kilimo vilikuwapo tangu mwaka 1947. Cheo kikaleta chuo cha kuwafunza watumishi wa serikali, hospitali ya mkoa, mahakama kuu na nyumba za maafisa zenye bustani. Maafisa hao na wageni wao walijaza Izaak Walton Inn, hoteli ya kale iliyopewa jina la Mwingereza aliyeandika kitabu cha uvuvi wa ndoana mwaka 1653, kwa sababu mito ya mlimani ilikuwa imetiwa samaki aina ya trauti.

Katiba ya Agosti 2010 iliifuta mikoa, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 kaunti 47 zikaanza kazi. Siku ile Embu ilipoteza nchi iliyofika mpaka wa Ethiopia ikabakia na kaunti ambayo sensa ya mwaka 2019 iliihesabia watu 608,599, wakati Meru, iliyokuwa wilaya chini yake, ilihesabiwa 1,545,714. Wengi walitabiri kwamba mji ungenyauka. Haukunyauka. Chuo cha kilimo cha zamani kikawa Chuo Kikuu cha Embu, kilichopata hati yake mwaka 2016; nyumba za kupanga zikaongezeka hadi Kangaru; sherehe ya Madaraka ya mwaka 2023 ikafanyika katika uwanja wake. Ofisi zilipungua heshima, lakini gunia la ndengu kutoka Mbeere na gunia la viazi kutoka juu bado yalihitaji mahali pa kukutana.

Maji yapitayo mjini

Huko Lancey, karibu na Grenoble, fundi Aristide Bergès aliteremsha maji ya mlimani kwa bomba mwaka 1869 yaendeshe kiwanda chake cha karatasi. Grenoble, mji wa wenye viwanda vya glavu, ukageuka kuwa mji wa umeme na wahandisi. Mlima Kenya nao una kazi hiyo, na imefanyika chini ya miji yetu bila ya kuibadilisha kwa kadiri ile. Mito yote ya Embu na Meru niliyoitaja huingia Tana, na juu ya Tana, kwenye mpaka wa Mbeere, kuna mabwawa matano ya umeme: Kindaruma ya mwaka 1968, Kamburu ya 1974, Gitaru ya 1978, Masinga ya 1981 na Kiambere ya 1988. Gitaru, yenye megawati 225, ndicho kituo kikubwa kuliko vyote vya umeme wa maji nchini. Megawati ni kipimo cha nguvu za umeme. Moja yatosha kuwasha taa za maelfu ya nyumba. Lakini kwa miaka mingi watu wa Mbeere walikaa chini ya nyaya zile kubwa wakiwasha koroboi.

Masinga ni ghala la maji ya mengine yote, na adui wa mabwawa haya yote ni udongo. Kila mvua kubwa inayoangukia shamba lisilo na matuta juu ya Embu huchukua udongo mwekundu, na udongo ule hukaa ndani ya mabwawa na kula nafasi ya maji. Ukame nao ukija, kama ulivyokuja mwaka 1999 na 2000, umeme hugawiwa kwa zamu nchi nzima, na kiwanda cha Mombasa husimama kwa sababu ya jambo lililotokea mlimani. Mwaka 1999 wataalamu walioupima msitu kwa ndege waliona mikulo kwa maelfu iliyokatwa kwa magendo, tanuri za makaa na mashamba ya bangi ndani kabisa; mwaka uliofuata msitu ukatiwa chini ya shirika la wanyamapori. Kabla ya hapo, mwaka 1986, serikali ilikuwa imeanzisha ukanda wa chai wa Nyayo kuuzunguka msitu, uwe ua kati ya jembe na miti, na mahali palipotunzwa ua huo umesaidia.

Mkulima wa Manyatta anayechimba matuta na kupanda mabingobingo kwenye kingo zake huuzuia udongo usiende mabwawani. Hakuna anayemlipa kwa kazi hiyo. Anayelipwa ni yule auzaye umeme, na kaunti zinazopakana na mabwawa zimekuwa zikidai fungu la mapato hayo tangu zilipoanzishwa, zikishindana zenyewe kwa zenyewe juu ya nani apate ngapi, kila moja ikihesabu urefu wa ufuko ilio nao. Kipimo hicho kimemsahau mtu wa juu. Bwawa halijazwi na ufuko wake. Hujazwa na matuta ya juu kama ya Manyatta, na hesabu yoyote ya haki ingeanza kuhesabia huko.